Kabla sijapanda darini, niambie lilianza lini

Wateja wengi wanaponipigia simu huwa wameshaamua wanachotaka. "Fundi, njoo unibadilishie ubao mmoja wa dari la sebuleni, umeingia maji." Wengine wameshanunua na ubao wenyewe, umeegemezwa koridoni unanisubiri. Mimi huwauliza doa lilionekana lini mara ya kwanza, na siku hiyo kulikuwa na hali gani ya hewa. Hapo simu hunyamaza kidogo, halafu nasikia sauti ya mtu anayehisi fundi anajizungusha apate kuongeza bei. Sijizungushi. Swali hilo huniokolea nusu ya kazi, na yeye humwokolea ubao wa pili ambao angeununua mvua inayofuata.

Kazi hii nimejifunzia Tanga, kwa mzee mmoja wa Ngamiani aliyefunga madari tangu enzi za hadibodi, kabla jipsam haijatapakaa mjini. Akifika nyumba ya watu anaamkiana na wenyeji, anakaa, anakunywa chai, anazungumzia mvua. Ilikuja na upepo au ilishuka wima? Ilinyesha usiku kucha au ilipiga kidogo ikakata? Doa lilitoka palepale au lilisubiri hadi kesho yake? Sisi vijana wake tulikuwa nje tumeshika ngazi, tunaona mzee anapoteza muda kwa soga. Akimaliza chai anasimama, anapanda, na mara nyingi anakwenda moja kwa moja hadi penye tundu.

Shida ya dari ni kwamba maji huonekana mbali na yalikoingilia. Tone likipenya kwenye tundu la msumari halidondoki papo hapo. Linashikilia upande wa chini wa bati, linateremka na mwinamo wa paa mpaka likutane na papi, ule mti mwembamba unaopigiliwa bati, linafuata papi hadi kwenye kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, linashuka na mguu wa kenchi, na huko linakoishia ndiko ubao unakoloa. Makorora niliwahi kuingia nyumba ambayo doa lilikuwa juu ya kitanda cha watoto, na tundu lilikuwa upande wa jikoni, vyumba viwili kando. Waliotangulia walikuwa wamepaka lami bati lote la juu ya chumba cha watoto. Lami ilikuwa imeshikana vizuri tu, na watoto waliendelea kulala sebuleni kila ikinyesha.

Kwa hiyo nikipanda, kitu cha kwanza ninachofanya ni kuzima tochi. Mchana, ukikaa gizani darini dakika chache macho yakazoea, matundu yenyewe yanajitaja: vijinukta vya mwanga kwenye bati. Nikishayaona ndipo nawasha tochi na kuangalia mbao. Njia ya maji huacha mstari, ama mweusi kidogo, ama mweupe kwa sababu vumbi limeoshwa, ama wenye kutu iliyochuruzika kutoka kwenye msumari. Naanzia penye doa, naufuata mstari kuelekea juu, daima juu, mpaka uishe. Kama ni kiangazi na mstari hausomeki, kijana mmoja anapanda juu ya paa na mpira wa maji. Anaanza kumwagia chini kabisa, kwenye ukingo wa paa, anasubiri, kisha anapanda safu moja. Akianzia juu maji yatateremka kwenye matundu yote kwa pamoja, na hatutajua lipi ndilo lenye kesi.

Tundu lenyewe, kwa nyumba zetu za bati, mara nyingi ni la msumari. Msumari wa bati hupigwa kwenye mgongo wa bati, maji yapite bondeni pembeni yake. Fundi mwenye haraka hupiga bondeni kwa sababu ni rahisi kufikia papi, na hapo amefungulia maji mlango. Hata uliopigwa mgongoni una kampira chini ya kichwa, na jua la miaka linakakausha kampira hako mpaka kanapasuka. Huku mwambao hewa ya chumvi inamalizia kazi kwenye msumari wenyewe. Pengine bati zimepandana kidogo mno na paa limelala, basi maji yanapanda kati ya bati mbili yakivutwa na ule mwanya mwembamba, yanaingia ndani bila tundu lolote. Hilo huwa halina nukta ya mwanga ya kukuonyesha.

Lakini nirudi kwenye siku. Kuna mama mmoja Chumbageni aliyekuwa na doa kwenye pembe ya chumba cha kulala, ukuta wa kusini. Mafundi walishabadilisha bati mbili na doa likarudi. Nilimwamkia, akaitikia, nikamuuliza habari za mvua. Akaniambia, "Mwanangu, vuli haijawahi kuniletea hili doa hata ikinyesha wiki nzima. Linakuja mwezi wa tano." Hapo sikuhitaji kuuliza zaidi. Mwezi wa tano kusi, upepo utokao kusini, limeshashika, mvua za mwisho za masika zinakuja zimelala na upepo, na upande wake ni uleule wa ukuta. Bati zake zilikuwa nzima zote. Maji yalikuwa yanasukumwa kwa ubavu, yanapita chini ya bati la ukingoni ambalo halikukunjwa kushuka juu ya fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa. Tulifunga kipande cha bati kilichokunjwa pembeni, urefu wa ukuta ule tu. Kazi ya asubuhi moja.

Doa lisilojali mvua nalo lina hadithi yake. Raskazone nyumba moja ilitoa doa mwezi wa pili, jua la kaskazi linawaka, wiki kadhaa hakuna hata wingu. Mwenye nyumba aliapa ni paa. Nikamwomba dada anayefagia asubuhi aniambie siku alizokuta maji sakafuni, akazitaja, na zilikuwa siku zilezile za mgao wa maji. Maji yakija usiku tanki linajaa, boya limechoka halifungi, yanafurika, na bomba la kumwagia ziada lilikuwa limeachia kwenye maungio yake juu ya dari la bafu. Watu wamelala, pampu ya mji inafanya kazi, dari linakunywa. Njia rahisi ya kulipima tatizo la bomba ni mita: funga koki zote ndani ya nyumba, tanki likiwa limeshajaa, soma namba, kaa saa moja bila mtu kugusa maji, rudi usome tena. Ikiwa imesogea, usiite fundi bati. Na nyumba yenye kiyoyozi, doa likitoka siku za joto kali tu na liko karibu na mashine, angalia kwanza kile kibomba cha kutolea maji. Huziba kwa utelezi na vumbi, maji yakarudi ndani.

Ugeni mkubwa nilioupata ulikuwa Lushoto. Ni juu kule, kama mita 1,400, na Julai baridi yake si ya mchezo kwa mtu wa pwani. Mwenye nyumba, mwalimu mstaafu, alikuwa ameshaambiwa aezue bati zote kwa sababu dari zima lilikuwa na madoa madogo madogo, kila chumba, na mvua hakuna. Nililala hapo. Alfajiri nikapanda na tochi: upande wa chini wa bati lote ulikuwa umejaa matone, kama sufuria iliyofunuliwa, yanateremka yakifika kwenye papi yanadondoka. Kufika saa nne jua limepiga bati, pamekauka kabisa. Jikoni walikuwa wanapika kwa kuni ndani, madirisha yamefungwa kwa baridi, na tundu la kupandia darini halikuwa na kifuniko. Joto na mvuke wa nyumba nzima ulikuwa unapanda pale, unakutana na bati lililopoa usiku, unageuka maji. Tuliziba tundu, tukatoboa nafasi za hewa pande zote mbili za paa na kuweka wavu popo wasiingie, na jikoni tukafungua dirisha la juu. Hakuna bati lililotoka. Mwalimu alinitazama kwa mashaka hadi wiki kadhaa baadaye aliponipigia.

Nimewataja popo. Kuna doa wanaloliita la maji na si maji hata kidogo. Mkojo wa popo au panya unapenya ubao unaacha rangi ya njano inayoelekea kahawia, kingo zake zimevurugika, na harufu yake inakata pua. Hili hutoka karibu na ukuta, chini ya sehemu wanapoingilia, kiangazi na masika sawasawa. Ukipanda huko funga pua na mdomo kwa barakoa na usifagie kinyesi kikavu vumbi likaruka. Kinaweza kukuletea maradhi ya mapafu.

Sasa doa lenyewe. Ukisimama chini bila ngazi unaweza kusoma mengi. Maji yanapoingia ubaoni hubeba vumbi na rangi ya mbao, yakikauka huviacha pembezoni, ndiyo maana katikati ya doa mara nyingi ni peupe kuliko ukingo. Yakirudi tena yanaishia mahali pengine kidogo na kuacha mstari mwingine. Mtu akiniambia limeanza juzi, nami naona mistari mitatu minne mmoja ndani ya mwingine, najua nyumba hii imeshaloa mara kadhaa na ile ya kwanza haikuonwa. Ukingo mkavu, mkali, ni doa lililolala. Ukingo uliofifia, wenye unyevu unaouhisi ukigusa kwa mgongo wa kiganja, ni doa linalokunywa sasa hivi. Ukitaka uhakika chukua penseli, zungushia ukingo wa doa, andika tarehe. Likivuka mstari wa penseli hakuna haja ya kubishana.

Vinukta vyeusi ni ukungu, na ukungu una maana unyevu unakaa, haupiti tu. Karatasi ya jipsam ni chakula chake. Chumba chenye harufu ya nguo zilizoanikwa zikakosa jua, hata kama dari ni jeupe, mimi hupanda. Nukta za kutu zilizopangika kwa mstari ni vichwa vya skrubu vilivyofunikwa na skimu, ule unga laini wa kusawazishia kabla ya rangi. Maji yamevifikia kutoka juu ingawa bado hayajafika kwenye rangi. Hizo ni dalili za mapema na wenye nyumba wengi huzipaka rangi tu. Halafu kuna mbonyeo. Usiku, zima taa, weka tochi au simu yako karibu na ukuta ikimulika dari kwa ubavu. Dari lililonyooka litang'aa sawasawa. Lililoanza kushuka litatupa vivuli. Malizia kwa mpini wa bisibisi, gonga taratibu. Ubao mkavu hujibu kwa sauti kavu, ulioloa hujibu kwa sauti nzito isiyorudi. Mchwa pia hupenda mbao zenye unyevu, kwa hiyo ukiona vijia vya udongo vinapanda ukutani kuelekea darini, usiishie kupuliza dawa. Tafuta kinachoziloesha mbao.

Hapa nataka watu wanielewe vizuri, kwa sababu nimeona jipsam ikianguka kwenye kochi ambalo dakika chache kabla lilikuwa na mtu. Ubao wa jipsam ukiloa unaongezeka uzito na wakati huohuo unapoteza nguvu, skrubu zinabaki kwenye mbao na ubao unashuka peke yake. Lita moja ya maji ni kilo moja. Dari lililopakwa rangi ya mafuta linaweza kushikilia maji mengi bila kupitisha tone, linavimba tu kushuka chini, na watoto wanalishangilia. Ukiona hivyo toa watu chumbani, zima umeme kwenye meni swichi, maana maji hutafuta tundu la chini na tundu la chini kwa kawaida ni la taa. Ukishazima, weka ndoo, simama pembeni na si chini yake, toboa kitundu kidogo kwa bisibisi pale palipovimba zaidi, maji yashuke kwa utaratibu wako. Taa usiiwashe tena mpaka fundi umeme aikague, hata kama inaonekana kavu.

Nyumba za siku hizi zina mitego yake. Mtindo umekuwa kuinua ukuta kuzunguka paa ili bati lisionekane barabarani. Kwa macho zinapendeza, sikatai. Lakini paa limelazwa, na maji yote ya mvua yanakusanywa kwenye mfereji uliofichwa ndani ya ukuta, juu ya vyumba vya watu. Majani machache ya mwembe yakiziba kinywa cha bomba, mfereji unajaa kama bwawa na njia ya maji ni moja tu, kuingia ndani. Fundi mwenye busara huacha matundu ya akiba ukutani, chini kidogo ya ukingo wa bati, ili mfereji ukizidiwa umwage nje na kila mtu auone. Wenye nyumba hawayapendi, wanasema yanaharibu sura. Mimi nikiona nyumba ya namna hii haina matundu hayo, naanzia hapo bila hata kuuliza habari za mvua.

Dari la plastiki nalo limesifiwa kupita kiasi. Ni kweli haliozi wala halichoreki doa. Ndiyo ubaya wake. Maji yanatembea juu ya zile mbao za plastiki, yanajikusanya, yanatafuta ukuta, na mwenye nyumba anaona rangi ya ukuta inabanduka akadhani unyevu unapanda kutoka kwenye msingi. Kwenye dari la namna hii mimi huangalia vikombe vya taa kama vimeshika maji au wadudu waliokufa kwenye ukoko wa matope, na mkanda wa pembeni kama umeachia.

Kwenye maghorofa jambo lingine kabisa. Chini ya zege, doa likiwa na ukoko mweupe na vijiti vidogo vinavyoning'inia, maji yamepita ndani ya zege na kuyeyusha chokaa yake. Likiwa na kutu, nondo zimeguswa, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwa, kwa hiyo huipasua zege kutoka ndani. Mara nyingi chanzo ni bafu la jirani wa juu, na kazi ngumu ni kupanda ngazi kuzungumza naye. Zege inayodondoka vipande si kazi ya fundi dari. Hapo mwite mhandisi.

Zanzibar nilishuhudia upande wa zamani wa jambo hili, nilipokwenda kusaidia kufunga dari kwenye nyumba ya Mji Mkongwe. Vyumba vile ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko ndizo zilizopima upana wake, na juu ya boriti kuna mawe na chokaa. Wenyeji hawangoji doa. Wanaangalia sakafu asubuhi: ukikuta unga wa chokaa na mchanga mahali palepale kila siku, boriti ya juu yake inahangaika. Huoza kwanza pale mwisho wake ulipozama ukutani, mahali ambapo jicho halifiki, huku katikati ikiwa bado nzima inakudanganya. Mzee mmoja pale alitukataza kabisa kupiga plasta ya saruji juu ya ukuta wa chokaa, maana saruji hufungia unyevu ndani na boriti ndiyo inayoubeba. Alitaka pia mwenye nyumba asiziwekee boriti dari la jipsam chini yake, zibaki wazi. Mwenye nyumba alitaka jipsam na vitaa. Walibishana kwa heshima mchana kutwa, na mzee akashinda kwenye vyumba viwili.

Kwa anayepanga nyumba ushauri wangu ni mfupi. Nenda ukaione baada ya mvua, usiende kiangazi. Inua macho kabla hujaangalia jiko. Kipande cha dari kilicho cheupe kuliko vyumba vingine, ubao mmoja mpya kati ya vikuukuu, harufu ya rangi mbichi kwenye chumba kimoja tu: uliza kwa upole kulikuwa na nini. Muulize na mpangaji wa jirani, yeye hana sababu ya kuficha.

Rangi ndiyo inayonigombanisha na wateja. Baada ya kuziba napenda ubao ukae bila kupakwa hadi mvua kubwa ipite, tujue kwa hakika. Na hata baada ya hapo, rangi ya maji peke yake haitoshi, doa litarudi kujitokeza kupitia humo; lazima kwanza upige rangi ya mafuta pale penye doa, ikauke, ndipo ufuatishe nyingine. Mzee mmoja wa Donge alinikatalia kabisa habari ya kusubiri. Harusi ya binti yake ilikuwa Jumamosi na wageni wanatoka Mombasa. Nilipaka. Ila kabla ya kushuka nilitandaza magazeti makavu darini, chini ya kenchi lililokuwa na mstari, kwa sababu gazeti likiloa hujikunja na halinyooki tena. Nikamwambia salio langu tutalizungumza masika yakiisha. Mwezi wa sita nilipanda mbele yake, nikayashusha magazeti yamenyooka vilevile, akayapindua huku na huku kutafuta kunyanzi, akakosa, akaenda ndani kuleta hela.